Mapitio ya Calibre: Kitabu Kinapokwama Kati ya Kompyuta na Kisomaji

Nyumbani kwangu ni Dagoretti Corner na kazi yangu iko upande wa pili wa mji, kwa hiyo kila siku hukaa kwenye matatu si chini ya saa mbili nikijumlisha asubuhi na jioni, na zaidi ya hapo mvua inaponyesha na Barabara ya Ngong ikafunga. Muda huo wote ni wa kusoma. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili katika shule ya upili, na wikendi huhariri miswada ya waandishi wanaotaka jicho la pili kabla ya kupeleka kazi zao kwa wachapishaji. Ninachosoma njiani hutoka karibu chote kwenye kompyuta yangu na kuhamia kwenye kifaa cha kusomea vitabu pepe, ambacho hapa nitakiita kisomaji. Ninavyo viwili: Kindle ya zamani niliyoachiwa na dada yangu, na Kobo niliyojinunulia baadaye. Safari ya kitabu kutoka kompyuta hadi kisomaji ukiitazama ni fupi, urefu wa waya tu, lakini ilinipotezea jioni nyingi hadi nilipoanza kutumia programu iitwayo Calibre, miaka mitatu iliyopita.

Ninaipendekeza bila kusita. Wanaoisifu hutaja kwanza uwezo wake wa kugeuza kitabu kutoka fomati moja, yaani muundo wa faili, hadi nyingine, na uwezo huo upo kweli, lakini kwangu mimi thamani yake kubwa ni kwamba inaonyesha kitabu kimekwama wapi. Mtu asiyekuwa nayo huburuta faili, husubiri, hufungua kisomaji, hakuti kitu, kisha hurudia yale yale mara tano bila kujua kama kosa ni la faili, la waya, la fomati au la kufuli aliloliweka muuzaji. Akiwa na Calibre, kila kituo cha safari hiyo huonekana peke yake.

Programu yenyewe ni ya bure na msimbo wake uko wazi. Aliyeianzisha ni Kovid Goyal, mwaka 2006, baada ya kampuni ya Sony kutoa kisomaji cha PRS-500 ambacho hakikuweza kuzungumza na kompyuta zinazotumia Linux. Jina lake la kwanza lilikuwa libprs500, likabadilishwa kuwa Calibre mwaka 2008. Leo inafanya kazi kwenye Windows, macOS na Linux. Haidai akaunti, haiombi namba ya simu, wala haihitaji intaneti ukishaisakinisha, na hilo la mwisho ni jambo la maana kwa mtu anayenunua bando kwa siku.

Nianze na waya, kwa kuwa ndiyo kosa lililonisumbua zaidi na ambalo watu hulishuku mwisho. Muhula mmoja, waya uliokuja na Kobo yangu ulikatika kwenye shingo, nikaingia duka moja la Luthuli Avenue kutafuta mwingine. Kijana wa kaunta alinipa mmoja wa shilingi 150 na kunihakikishia, "Madam, hii ni original, inachaji kila kitu." Nilipofika nyumbani nikauchomeka, na kweli kisomaji kikaanza kuchaji, alama ya betri ikabadilika, lakini kompyuta haikuonyesha chochote. Nilizima na kuwasha kompyuta. Nikasakinisha Calibre upya. Nikaanza hata kusoma namna ya kurudisha kisomaji katika hali kiliyotoka nayo kiwandani, jambo ambalo lingefuta maandishi yote niliyokuwa nimeyaweka pembezoni mwa mswada wa watu. Siku mbili zilipita hivyo, hadi mwenzangu wa idara aliponiona nikihangaika katika chumba cha walimu wakati wa chai. "Mwalimu, hebu jaribu na wangu," akasema, akachomoa waya wa simu yake ukutani. Kabla sijaketi vizuri, kisomaji kikaniuliza kama ninataka kukiunganisha na kompyuta.

Maelezo yake ni mepesi. Waya wa kawaida wa USB una nyuzi nne ndani: mbili hubeba umeme na mbili hubeba data. Nyaya nyingi za bei ya chini zina zile mbili za umeme peke yake, na kwa macho huwezi kuzitofautisha na nyaya kamili, kwa kuwa ganda ni lilelile na kichwa ni kilekile. Kijana wa duka hakunidanganya. Aliniambia unachaji, na ulichaji. Niliporudi kwake alisikitika kidogo na kusema, "Ungesema unataka ya data, madam." Nikanunua wa shilingi 450, nikaufunga uzi mwekundu karibu na kichwa ili mtu yeyote nyumbani asiuchukue kuchajia simu, na hadi leo ndio ninaoutumia.

Hapa Calibre husaidia kwa namna rahisi sana. Kisomaji kikiunganishwa sawasawa, alama mpya ya kifaa hujitokeza kwenye safu ya vitufe vya juu, na kando ya orodha ya vitabu huongezeka safu inayoonyesha ni vipi vilivyo tayari ndani ya kifaa. Alama hiyo isipojitokeza, usiguse kitabu wala fomati. Tatizo liko kabla ya hapo. Badilisha waya, badilisha tundu la USB, na utazame skrini ya kisomaji chenyewe, kwa sababu Kobo haijiungi hadi uguse kitufe cha kukubali. Wengi huchomeka, huweka kisomaji mezani kikiwa kimeangalia chini, na kusubiri kompyuta ifanye kazi ambayo kisomaji kinawasubiri wao waifanye. Kindle za zamani hujifungua zenyewe kama diski ya nje. Zile mpya, kuanzia zilizotoka mwaka 2024, hutumia njia nyingine ya kuwasiliana iitwayo MTP, ambayo Windows inaifahamu lakini kompyuta za Apple haziifahamu zenyewe. Calibre imebeba njia hiyo ndani yake, kwa hiyo mwenye Mac anaweza kuendelea bila programu nyingine, mradi asiwe amefungua wakati huohuo programu ya pili inayokishika kisomaji, maana MTP kwenye Mac hukubali mmoja kwa wakati.

Kosa la pili kwa usumbufu ni faili lenyewe. Jumamosi moja nilikuwa mkahawani katikati ya mji nikipakua vitabu vinne kwa Wi-Fi ya hapo, vyote vikaonekana kumalizika kwa sekunde chache, nikafurahi. Jioni hakuna hata kimoja kilichofunguka. Nilipovitazama vizuri, vyote vinne vilikuwa na ukubwa uleule, kilobaiti chache tu, ilhali riwaya ya kawaida isiyo na picha huwa na kilobaiti mia kadhaa au megabaiti moja hivi. Nilichokuwa nimekipakua mara nne ni ukurasa wa mkahawa unaoomba mteja akubali masharti ya Wi-Fi, uliohifadhiwa kwa jina la kitabu. Muda wangu wa kuunganishwa ulikuwa umekwisha na sikujua.

Kuna njia ya kuthibitisha jambo hili ambayo ningependa kila msomaji aijue. Faili la EPUB, fomati ya kawaida ya vitabu pepe, kwa hakika ni furushi la ZIP ambalo ndani yake zimo kurasa, picha na maelezo ya kitabu. Ukilifungua kwa programu ya kuandikia maandishi matupu, utaona vurugu ya alama zisizosomeka, lakini herufi mbili za kwanza kabisa zitakuwa PK, kifupi cha jina la Phil Katz aliyebuni fomati ya ZIP. Ukiziona, faili ni la aina inayostahili. Ukiona badala yake alama ya pembe na neno html, umepakua ukurasa wa tovuti, na hakuna programu duniani itakayoufanya kuwa riwaya. Kwa kutumia Calibre hufiki hata huko: ukijaribu kuliingiza faili la namna hiyo katika maktaba, programu hushindwa kulisoma kama kitabu, au huliingiza likiwa halina jalada wala jina la mwandishi, na hiyo peke yake ni dalili ya kutosha kurudi kupakua upya.

Mengine ya upande huu nitayapitia haraka. Faili linaloishia na crdownload au part halijamalizika kupakuliwa, hata kama jina la kitabu limekamilika mbele yake. Windows, isipoagizwa vingine, huficha mwisho wa jina la faili, kwa hiyo unachokiona kama kitabu.epub huenda ni kitabu.epub.zip, agiza ionyeshe majina kamili, jambo linalochukua nusu dakika.

Sasa fomati. EPUB ilipitishwa kuwa kiwango rasmi mwaka 2007, mwaka uleule Amazon ilipozindua Kindle, na vitu hivyo viwili havikuwahi kukaa nyumba moja. Kindle ilijengwa juu ya fomati ya MOBI, iliyotokana na kampuni ya Kifaransa ya Mobipocket ambayo Amazon iliinunua mwaka 2005, kisha ikaja AZW3 mwaka 2011. Kwa hiyo mtu akiburuta EPUB kwa waya hadi kwenye folda ya vitabu ya Kindle, faili litafika, nafasi itapungua, na kitabu hakitaonekana kamwe kwenye orodha. Hiyo ndiyo hali inayowachanganya watu kuliko zote, kwa kuwa kompyuta inasema kazi imekamilika. Mambo yalizidi kuchanganya mwaka 2022, Amazon ilipoanza kukubali EPUB kupitia huduma yake ya kutuma vitabu kwa barua pepe na tovuti: faili lilelile linakubaliwa likipita hewani na halionekani likipita kwenye waya, kwa kuwa huduma ile huligeuza njiani kabla ya kulifikisha.

Calibre huimaliza kazi hii kwa kitufe kimoja. Inakitambua kisomaji kilichounganishwa, inajua kinakubali nini, na ukiagiza kitabu kipelekwe wakati fomati haifai, inakuarifu na kukigeuza kwanza. Kwa Kindle yangu ya zamani hugeuza EPUB kuwa AZW3 kwa sekunde chache, na jalada, sura na orodha ya yaliyomo hufika vikiwa kamili. Kwa Kobo mambo yalizidi kuwa mazuri katika toleo la 8, lililotoka mwaka 2025, ambalo linaweza kutengeneza KEPUB, aina ya EPUB ambayo Kobo huifungua kwa wepesi zaidi.

Hapa niseme jambo kuhusu tarehe 26 Februari 2025, kwa sababu hadi leo watu wananiuliza shuleni. Siku hiyo Amazon iliondoa kwenye tovuti yake chaguo la kupakua kitabu ulichonunua hadi kwenye kompyuta ili ukihamishe mwenyewe kwa waya. Wengi walidhani kwamba waya wenyewe umepigwa marufuku. Haukupigwa. Muswada wako, kitabu cha bure kutoka Project Gutenberg, au EPUB isiyo na kufuli uliyonunua kwingine, vyote bado vinaingia kwenye Kindle kwa waya kama zamani. Kilichofungwa ni mlango wa kutoa nakala za vitabu vilivyonunuliwa kwao, na kwa maoni yangu ni hasara kwa mnunuzi, hasa anayeishi mahali ambapo Wi-Fi ya nyumbani si jambo la kutegemea kila siku.

Sehemu ninayoithamini kuliko zote, na ambayo sijaona ikielezwa kwa Kiswahili, inahusu lugha yetu wenyewe. Mwaka jana mwandishi mmoja alinitumia mkusanyiko wa hadithi fupi katika faili la maandishi matupu, alilolitoa kwenye kompyuta ya zamani. Nililigeuza kuwa EPUB, nikalipeleka kwenye Kobo, na nilipofungua hadithi ya kwanza nikiwa tayari kwenye matatu, ng'ombe alikuwa amegeuka kuwa "ngâ€™ombe". Kung'oa likawa "kungâ€™oa". Kila ng' ya kitabu kizima ilikuwa imeota mkia wa alama tatu ngeni, na hadithi ilikuwa ya wafugaji. Nilisoma kurasa mbili, nikazima.

Chanzo chake ni namna kompyuta inavyoandika herufi. Ile alama ya juu katika ng', programu za kuandikia zinapoipinda, huhifadhiwa katika mfumo wa UTF-8 kama baiti tatu. Programu nyingine ikiisoma kwa mfumo wa zamani wa Windows, kila baiti huigeuza kuwa herufi yake peke yake, na hapo ndipo alama tatu zinapotokea. Wanaoandika Kiingereza hukumbana na tatizo hilihili katika maneno machache, lakini kwetu alama hiyo ni sehemu ya konsonanti, nayo imo katika ng'ambo, ng'ara, ng'ang'ania na mamia ya maneno mengine. Tiba ni kufungua dirisha la kugeuza kitabu katika Calibre, kwenda kwenye sehemu inayohusu mwonekano, na kujaza utf-8 katika nafasi ya usimbaji wa herufi za faili linaloingia, badala ya kuiacha programu ikisie yenyewe. Nikageuza upya, na ng'ombe wakarudi zizini.

Alama hiyohiyo ina usumbufu wa pili, ulio mdogo lakini unaomchosha mhariri. Kwenye kisomaji changu nikitafuta neno kwa alama iliyonyooka, sipati maneno yaliyoandikwa kwa alama iliyopinda, na miswada mingi huchanganya zote mbili, wakati mwingine katika aya moja. Calibre ina kihariri cha kitabu ndani yake, kinachokufungulia kurasa zote za EPUB na kukuruhusu kutafuta na kubadilisha katika kitabu kizima kwa mkupuo. Mimi hubadilisha zote ziwe za aina moja kabla ya kuanza kusoma, na kazi hiyo haichukui dakika tatu.

Kisha kuna lugha iliyoandikwa katika maelezo ya kitabu. Miswada mingi ya Kiswahili hutoka kwenye programu za kuandikia ikiwa na alama ya siri inayosema kwamba ni Kiingereza, kwa sababu mwandishi hakubadilisha lugha ya programu yake. Kisomaji hukiamini kitabu, kikayakata maneno mwishoni mwa mstari kwa kanuni za Kiingereza. Nimewahi kuona "mwanaf-unzi" na "kuz-ungumza" katika ukurasa mmoja, na kwa mtu anayefundisha silabi, ambazo kwetu karibu zote huishia na irabu, ni kama kusikia neno likitamkwa vibaya mbele ya darasa. Katika Calibre ukibofya kitabu na kufungua dirisha la maelezo yake, kuna nafasi ya lugha. Andika Kiswahili, hifadhi, kisha ukitume upya. Iwapo kisomaji chako hakina kanuni za Kiswahili, kwa kawaida kitaacha kuyakata maneno, na hilo ni afadhali mara kumi. Ningewasihi wachapishaji wetu wanaotoa vitabu pepe wajaze nafasi hiyo wao wenyewe, kwa kuwa msomaji wa kawaida hatajua kwa nini kitabu kinamchosha macho; ataona tu kwamba Kiswahili hakisomeki vizuri kwenye kifaa.

Kuhusu PDF sitawapa matumaini. Calibre inakubali kuigeuza kuwa EPUB, lakini mwongozo wake wenyewe unaitaja kuwa miongoni mwa fomati mbaya kabisa za kuanzia, nami nimeliona hilo. PDF ni picha ya ukurasa iliyopangwa kwa karatasi: namba za kurasa na vichwa vya sura huingia katikati ya sentensi, mistari hukatika pasipostahili, na tenzi zinaweza kupoteza umbo lake la beti kabisa. Kuna kipimo kinachoamua mistari iunganishwe lini, ambacho huanzia 0.45, na ukikichezea unaweza kuokoa maandishi ya nathari. Kwa ushairi nimeacha kujaribu. Na ikiwa PDF imetokana na kurasa zilizopigwa picha kwa skana, kama zilivyo nyingi zinazosambazwa kwa wanafunzi, ndani yake hamna hata herufi moja ya kugeuza. Mwombe mwandishi faili la asili la kuandikia. Calibre hulipokea la DOCX, yaani la Microsoft Word, na kulifanya EPUB safi, na hiyo ndiyo njia ninayowalazimisha waandishi wangu wote waifuate.

Linabaki suala la kufuli. Vitabu vingi vinavyouzwa kwa EPUB huja na ulinzi wa kidijitali wa Adobe, na anayenunua kwa mara ya kwanza hupokea faili dogo linaloishia na acsm. Hicho si kitabu. Ni kama stakabadhi ya kuchukulia mzigo, na programu ya Adobe Digital Editions ndiyo inayoisoma na kukipakua kitabu chenyewe, baada ya kompyuta na kisomaji kuidhinishwa kwa akaunti moja. Calibre haivunji kufuli, na waandalizi wake wanasema hivyo waziwazi. Ukijaribu kukigeuza kitabu kilichofungwa, itakujulisha kwamba kimefungwa na itasimama hapo. Baadhi ya watu huhesabu hilo kuwa upungufu. Mimi ninayefanya kazi na waandishi sioni hivyo, kwa sababu ninajua mwandishi wa Kenya anapata kiasi gani kwa nakala moja. Lakini ninaona pia kwamba msomaji aliyelipa pesa zake kwa uaminifu ndiye anayehangaika na stakabadhi hizi, na wachapishaji wanaouza EPUB zisizo na kufuli wanastahili pongezi na wateja.

Programu ina kasoro zake. Dirisha lake la kwanza limejaa vitufe hadi mgeni anaogopa kugusa, na mambo muhimu kama lile la usimbaji yamefichwa ndani ya kurasa za mipangilio ambazo mtu hazifikii asipoelekezwa. Tangu toleo la 6 la mwaka 2022 haikubali kompyuta za biti 32, na hapa Nairobi, ambako wengi wetu tunanunua kompyuta zilizokwisha tumika ng'ambo, inafaa uhakikishe kabla ya kumaliza bando kwa kuipakua. Matoleo ya zamani yanapatikana kwenye tovuti yao kwa wenye mashine za umri huo. Zaidi ya hayo, Calibre hunakili kila kitabu na kukiweka ndani ya folda yake yenyewe, ikipangwa kwa majina ya waandishi, kwa hiyo diski ndogo itakuwa na nakala mbili za kila kitu usipofuta ile ya kwanza. Folda hiyo usiipange kwa mkono. Nilifanya hivyo mwezi wa kwanza, nikibadilisha majina ili yapendeze, na programu ikapoteza njia ya vitabu vyote nilivyovigusa. Majina hubadilishwa ndani ya Calibre, nayo ndiyo hupanga folda.

Jambo jingine la kuzingatia ni kuchomoa. Ndani ya Calibre kuna amri ya kukitoa kifaa, na nimejifunza kuitumia kila mara hata nikiwa na haraka, kwa sababu ukichomoa waya wakati kompyuta bado inaandika, kitabu cha mwisho hufika nusu na orodha nzima ya vitabu vya kisomaji inaweza kuharibika. Kobo ikishachomolewa huchukua muda mfupi kuvisajili vitabu vipya. Usidhani kwamba havikufika, iache ikamilishe.

Siku hizi waya wangu wenye uzi mwekundu hukaa kwenye droo ya shuleni, kwa kuwa nyumbani nimehamia kwenye njia nyingine ambayo Calibre inayo na ambayo niliichelewa sana. Programu ina seva yake ndogo. Ukiiwasha, kompyuta hutoa anwani ya namba inayoishia na 8080, nawe ukiiandika anwani hiyo kwenye kivinjari cha Kobo, maktaba yako yote hujitokeza kwenye skrini ya kisomaji, na kitabu unachokigusa hupakuliwa papo hapo. Vifaa vyote viwili vinapaswa kuwa kwenye mtandao mmoja, na mara ya kwanza Windows itakuuliza kama iruhusu programu hiyo ipite. Kubali, la sivyo kisomaji kitasubiri bure. Mtandao huo si lazima uwe na intaneti. Mimi huwasha hotspot ya simu, naiunganisha kompyuta, nakiunganisha kisomaji, na vitabu hupita kati yao bila kugusa bando hata megabaiti moja. Jana usiku umeme ulipotea saa tatu, na kwa betri ya kompyuta iliyobaki nilihamisha miswada mitatu kabla ya kulala.